Nilivyowapeleka Akina Mama wa Molo Angani kwa Ganda la Minji

Alhamisi, Bondeni. Upepo umeamka na vumbi lote la Nakuru na mimi nimeamka nalo. Tangu asubuhi nimeshona zipu tatu, na mbili kati yake nimezigeuza juu chini. Mwenye suruali ya kwanza ameniuliza, "Mathe, hii nitakuwa nafungua nikisimama kwa kichwa?" Vidole viko kwa cherehani, akili iko Molo.

Wanja ndiye ameniharibia wiki. Ni mjukuu wa Mama Kamau, yuko chuo hapa mjini, na mwalimu wao amewataka waandike kuhusu kitabu cha zamani ambacho bado kinaishi midomoni mwa watu. Jana jioni akanipigia.

"Anti, nimepata ile kitabu yenu ya anga! Ya Kiingereza, nzima!"

"Umeisoma?"

"Niko page ya arobaini. Lakini anti, mbona sioni minji?"

Nikasema network inapotea, nikakata.

Wacha nieleze, maana hii blogu ina wasomaji wanane na siwezi kumudu kupoteza hata mmoja.

Miaka ishirini na kitu iliyopita nilikuwa nachambua waru, yaani viazi, kwenye stoo moja Molo, kubwa huku, ndogo kule, zilizooza nje. Baridi ya hapo ilikuwa inaingia kwa kucha. Siku moja nikapewa karatasi za kuwashia jiko, na katikati yake kulikuwa na riwaya ya Kiingereza, nzee, imekauka kama chapati ya juzi. Watu wanalazwa ndani ya vyombo, wanarushwa kwenda nyota ya mbali, safari ya miaka mia mbili, ili waamke huko.

Mimi niliishia darasa la nane, lakini nilikuwa na kamusi. Jina la vile vyombo, pod, sikulijua. Kamusi ikasema ni ganda, kama lile la kunde au njegere. Basi nikawaambia akina mama kwamba watu walisafiri angani ndani ya maganda ya minji. Hakuna aliyeshangaa. Mmoja aliuliza tu kama ganda moja lilibeba watu watano au sita.

Tulikubaliana hivi: wao wachambue fungu langu, mimi niwasomee. Kitabu kilikuwa na kurasa mia mbili. Nilikisoma misimu mitatu ya mavuno.

Ndiyo, nilikirefusha. Wewe ungefanya nini, kitabu kikiisha unarudi kwa waru? Niliweka harusi ndani ya chombo. Niliweka kesi ya mpaka wa shamba mwezini. Niliweka mama mkwe aliyeamka miaka hamsini mapema akaanza kukagua usafi, na huyo walimpenda kuliko shujaa mwenyewe.

Leo hii nenda Molo usikilize. Mtu akienda Uarabuni, ameingia ganda. Trekta ikikaa gereji mwezi mzima, imeingia ganda. Nimewahi kumsikia mhubiri akilitumia kwenye mazishi, na watu wakaitikia amina. Ndicho Wanja anataka kuandika, urithi wa riwaya kubwa katika nyanda za juu. Mwandishi wake alikufa zamani, namshukuru Mungu kwa hilo.

Hadi hapo ni kichekesho. Ningekomea hapo kama ningekuwa mtu wa kulala vizuri.

Msimu wa pili, Kamau, mtoto wa pekee wa Mama Kamau, aliaga akaenda kutafuta kazi Mombasa. Alimwacha Wanja ana miezi saba. Hakuna barua iliyokuja, hakuna simu, hakuna mwili. Mama Kamau akasema ameingia ganda, akaendelea kuchambua.

Jumatano moja sikuwa nimetayarisha kitu. Nikafungua kitabu, nikakazia macho ukurasa, nikasoma kwamba waliobaki duniani walitakiwa kuanika godoro la aliyesafiri kila wiki, kwa sababu aliyelala angani hupata joto kutoka kwa kitanda chake cha nyumbani.

Hakuna godoro hata moja kwenye kile kitabu.

Mama Kamau ameanika godoro la mwanawe kila Jumatano tangu hapo. Nimeliona mwenyewe, juu ya mawe mawili nyuma ya jikoni. Ameshona foronya yake upya sijui mara ngapi. Mara ya mwisho alinituma mimi kitambaa.

Na mwisho wa kitabu? Nilikuwa nimeusoma peke yangu mapema. Hawaamki. Mashine inachoka, taa zinazima moja moja. Siku ya kuwasomea niliinua macho, Mama Kamau alikuwa ameshika kiazi hakitupi popote. Nikasoma kwamba waliamka wote, wakaomba chai.

Sasa Wanja anaenda Molo Jumamosi kumsomea shosho yake kitabu chote, awe na kitu cha kuandika.

Leo saa nane nimefunga mashine nikampigia Mama Kamau kabla mtu mwingine hajampigia. Nimemwambia kuhusu harusi, kesi, mama mkwe. Amecheka. "Huyo nilijua ni wako. Anafanana na wa kwenu."

Nikamwambia kuhusu godoro.

Nimesikia kuku wake.

"Godoro pia, Muthoni?"

"Godoro pia."

Nimengoja anitukane. Ningefurahi sana kutukanwa.

"Jana mvua ilikuwa inanyesha," akasema. "Nikalianika ndani, kando ya jiko. Nimekesha nikijiuliza kama hiyo inahesabika."



Halafu akasema Jumamosi niende mimi. Mtoto asimsomee, nimsomee mimi, vile kimeandikwa.

"Mwisho wake si mzuri, Mama Kamau."

"Nimekuuliza?"

Akakata.

Kwa hivyo nitaenda. Sijui atakapomaliza kusikia atafanya nini na lile godoro, na sina haki ya kumchagulia mara ya pili. Ninachojua ni kwamba sijawahi, maisha yangu yote, kumsomea mtu kilichoandikwa. Wanja amenitumia picha ya ukurasa wa mwisho, nami nimeutafsiri kwa kalamu kwenye karatasi ya kukatia vitambaa. Sentensi ya kufungia ni fupi: Taa ya mwisho ikazima, na hakuna aliyeamka.

Nimeisoma kwa sauti hapa kibandani mara tatu. Mara zote tatu nimesikia mdomo wangu ukiongeza: bado.