Picha Yako Ukutani

Ibra, 20 Rajab 1407

Kaka yangu Marzouq,

Assalamu alaykum, na shikamoo yangu ikufike huko Abu Dhabi kabla ya maneno mengine yote. Namwomba Mungu barua hii ikukute mzima, wewe na wifi Fawziya na watoto, na ile miguu ya wifi iliyokuwa ikivimba iwe imepoa. Sisi hapa Ibra hatujambo, alhamdulillah. Mama macho yake yanazidi kupungua, lakini masikio na ulimi viko palepale, na kahawa ikiungua jikoni yeye ndiye wa kwanza kujua. Binti yangu Shukriya amefaulu mtihani wake na sasa ananipita kwa urefu. Mvua mwaka huu ilikuwa nzuri. Mto wa wadi ulishuka bondeni kwa nguvu mpaka barabara ya Sur ikakatika, na tende inshallah zitakuwa nyingi. Vitambaa ulivyompa dereva vimefika, vya Mama na vyangu. Ahsante.

Uliniuliza mambo ya ukumbi mpya wa klabu ya Nakhil yamefika wapi, na kama ile picha yako ya ujana niliyowapa, ukiwa umevaa glavu na fulana ya kijani, imetoka vizuri walipoikuza. Imetoka vizuri sana. Ukumbi umekwisha, umepakwa rangi, viyoyozi ulivyovitoa wewe vinafanya kazi, na ukuta wa kulia ukiingia wameuacha kwa ajili ya picha za wachezaji wa fahari. Yako ndiyo ya kwanza kupitishwa. Kamati ilikaa, jina lako likasomwa, mikono ikanyooshwa, wakahamia jina la pili. Hakuna aliyeuliza lolote.

Jina lililowagombanisha ni la mume wangu, Sinan.

Nitakusimulia tangu mwanzo, kaka, hata yale unayoyajua, kwa sababu nataka uyasikie kama yalivyonipata mimi. Sinan alipofika hapa kutoka Tabora hakuwa na mtu. Alikuwa na begi moja na Kiswahili cha bara kilichomchekesha Mama, na kazi ya ufundi katika karakana ya serikali. Ni wewe uliyemwona akicheza mpira na mafundi wenziwe nyuma ya karakana ukamleta klabu. Ni wewe uliyemleta nyumbani kula, na ni wewe uliyemwambia Baba, Mungu amrehemu, kwamba mtu yule hana ukoo mkubwa hapa lakini ana adabu, na kwamba nikimkataa nitajuta. Sikumkataa. Miaka ile watu walikuwa wakisema Nakhil ina watu wawili tu, Sinan anayefunga mbele na Marzouq anayelinda goli, na wengine wote wamekuja kutimiza idadi.

Halafu ikaja fainali ya mwaka sabini na nane, kule Sur. Sisi wanawake tulipika halwa tukangoja honi za magari. Magari yalirudi bila ya honi. Tulisikia kwamba Sinan alifunga mawili kabla ya mapumziko, na kwamba Sur walirudisha yote na kuongeza la tatu, shuti la mbali ambalo, walivyosema, lingeweza kudakwa na mtoto. Ulikaa barazani umejifunika kilemba usoni, na mimi nilikuletea maji na kukwambia kwamba mpira ndivyo ulivyo.

Haikupita wiki ukasikika uvumi kwamba Sinan alicheza kamari juu ya mechi ile. Ghanim, mkubwa wa klabu wakati ule na mpaka leo, alimwita mbele ya wazee. Sinan hakukana. Alisema kweli aliweka fedha kwa watu wa Sur, lakini aliweka kwamba Nakhil itashinda, na kwamba hajapata hata siku moja kuweka dhidi ya timu yake. Wakamwuliza nani shahidi. Akasema shahidi ni Marzouq, shemeji yake, kwa kuwa yeye ndiye aliyezipeleka. Wewe ukaitwa. Ukaulizwa kama Sinan aliweka kushinda au kushindwa. Ukasema, "Sijui."

Baada ya neno hilo watu walimalizia wenyewe. Mcheza kamari akawa muuza mechi, na hakuna aliyejali kwamba hivyo ni vitu viwili mbalimbali. Akafungiwa maisha: asicheze, asifundishe, asikanyage kiwanja cha klabu. Na wewe kabla ya mwaka kwisha ukaenda Abu Dhabi, na biashara yako ya matairi ikafunguka, na sote tukamshukuru Mungu kwamba nyumba hii ina mtu mmoja wa kuinua kichwa.

Hukai hapa, kwa hiyo hujui kufungiwa kulikuwaje. Sinan aliitii adhabu ile kuliko waliomhukumu walivyoikumbuka. Alipoolewa binti wa jirani yetu Mahbouba, na karamu ikawekwa pale kiwanjani kwa kuwa ndipo penye nafasi, yeye alisimama nje penye magari na kanzu yake mpya, akala sahani aliyopelekewa juu ya boneti. Ghanim mwenyewe alipita akamwambia aingie, leo ni harusi. Sinan akamjibu kwamba hakusikia harusi ikitajwa katika hukumu. Shukriya skuli waliwahi kumwita binti wa muuzaji, akarudi na ushungi umechanika kwa kupigana. Na Mama, kwa miaka yote hiyo, hakumtaja Sinan kwa jina. Wamekaa nyumba moja, sinia moja, na Mama hunambia mimi, mwambie mumeo anipitishie chumvi.

Sasa mwaka huu vijana wa kamati, wengi wao hawakuwa hata na ndevu wakati wa fainali ile, wamesimama wakasema ukuta bila ya Sinan ni ukuta wa uongo. Wamesema hakuna aliyefunga kama yeye kabla wala baada, na magoli yale yalifungwa kwa miguu, si kwa kamari. Wazee wakajibu kwamba kamari ni haramu, na picha ikishapanda ukutani inasema na watoto. Mmoja akataka picha itundikwe na kosa lake liandikwe chini yake. Mwengine akasema tungoje afe, kwani maiti hana ubishi. Khalaf, mwandishi wa kamati, alikuja kunisimulia haya yote mbele ya Sinan, akidhani anatufariji. Sinan aliposikia kwamba wanangoja afe alisema wapewe salamu, atajitahidi.

Ili wamalize ubishi, vijana wakatoa shauri aitwe nahodha wa Sur wa siku zile aulizwe kama mechi iliuzwa au haikuuzwa. Unamkumbuka Musabbah. Sasa ana ghala la barafu la samaki na amenenepa. Alikuja Jumatano, na kabla ya kwenda kwa Ghanim alipita kwetu, kwa heshima ya Sinan. Nikampikia. Tulikaa sote, Mama naye yupo upande wake akisikiliza, na Musabbah akaeleza mambo ya samaki na ya watoto wake mpaka tulipomaliza kunawa mikono. Hapo akamgeukia mume wangu akasema, "Sinan, nikiulizwa sitasema uongo. Mechi iliuzwa. Na aliyeiuza si wewe, ni golkipa wenu. Nilikuwapo Aija, kule kwetu Sur, alipopokea fedha."

Alidhani tunajua. Alipotutazama nyuso, akajua kuwa mimi na Mama hatukujua, na mwanamume mzima yule akaanza kutafuta viatu vyake.

Sinan alimsihi asiende kwa kamati. Alimwambia hivi, na mimi nakuandikia maneno yake kama alivyoyatamka: "Kamari nilicheza, na adhabu ya kamari ni halali yangu. Hilo jengine ni la mwenyewe."

Baada ya Musabbah kutoka nikamwuliza mume wangu tangu lini anajua. Akasema tangu siku ileile ya fainali. Mliposimama njiani kusali magharibi, mkirudi kutoka Sur, ulimvuta pembeni ukalia, ukamwambia umefanya nini na kwa nini, kwamba unataka mtaji wa kuondokea Oman na hutaki kuuomba kwa mtu. Ukamwomba akusitiri. Akakusitiri. Hakujua kwamba wiki ile ile atahitaji kwako neno moja tu la kweli, neno lisilokugharimu kitu, na kwamba utamnyima kwa kuogopa kuwa wakiuliza la pili watafika kwako.

Nataka ujue kwamba nilimkasirikia yeye kwanza. Nilimwambia amenila miaka tisa. Nilimwambia kwamba kila Idi nimekupikia kwa mikono yangu, nimekukunjia nguo, nimekusikiliza ukinishauri niwe na subira na mume wangu kwa kuwa kila mtu huteleza, na yeye amekaa pale pale akikumiminia kahawa. Akanijibu kwamba yeye hapa hana ukoo, ila mimi ninao, na angesema, ningekaa wapi baina yenu. Nikamwambia hilo lilikuwa langu kuchagua. Akainama, kaka, akakusanya vikombe. Ndipo nilipoona kwamba amezeeka.

Basi nimechagua. Musabbah nilimpata kabla hajarudi Sur, nikamwomba tufuatane, na nilikwenda naye kwa Ghanim mchana kweupe, nikakaa mbele yake na mkewe yupo. Musabbah akasema aliyoyaona. Ghanim akamwita Sinan akamwuliza kama ni kweli. Sinan akasema ni kweli, na kamari yake pia ni kweli, lakini hakuja kushitaki mtu.

Ghanim si mtu mbaya. Aliona haya, nilimwona. Lakini kamati ilipokaa, haya zikawa hesabu. Wamekata hivi: Sinan kifungo chake kimeondolewa, na aingie kiwanjani apendapo. Picha yake haitapanda, kwa sababu kamari alicheza na amekiri mwenyewe mara mbili. Na yako haitashuka, kwa sababu mabango ya ufunguzi yamekwisha chapwa na jina lako, kwa sababu viyoyozi ni vyako, na kwa sababu mambo ya zamani yakifukuliwa yataleta fitina. Khalaf aliniletea hukumu hiyo na ombi la kamati kwamba tusiyatangaze. Kumbe aliyekiri ndiye mkosa, na aliyenyamaza ndiye wa fahari. Nilimwambia Khalaf awajibu kwamba mimi si mwanachama, kwa hiyo sitii.

Sinan alikwenda kiwanjani Ijumaa baada ya sala. Aliingia peke yake, akaenda mpaka kwenye lile goli la upande wa mitende ulilokuwa ukisimama wewe, akaligusa mwamba, akarudi nyumbani akataka chai. Nilimwuliza palikuwaje. Akasema padogo.

Sasa nikwambie ya Mama. Asubuhi ya pili baada ya Musabbah kuja kwetu, kahawa ilipofika, aliita, "Sinan, mwanangu, njoo ukae huku." Sinan alisimama na kikombe mkononi kama mtu aliyeitwa na polisi. Kisha akaenda akakaa.

Wewe sikuandikii kukuomba ulete kweli. Kweli imekwisha fika bila yako. Wala sikuombi uwaandikie waishushe picha. Waiache, na wanaojua wataitazama kama wanavyojua, na kila siku watakuwa wengi zaidi, kwa maana wanawake wa Ibra hawakuapishwa na kamati. Nakuarifu tu, ili usije ukashangaa watu wakikupa mkono na macho yao yakitazama pengine.

Ulisema utakuja kwa ufunguzi baada ya Idi. Siku hizi Ibra tuna nyumba ya wageni, imejengwa barabarani karibu na kituo cha petroli, na waliolala wanaisifu kwa usafi. Mwambie dereva akuwekee chumba mapema.

Nisalimie sana wifi Fawziya na watoto. Wao hawana kosa, na mlango wangu kwao uko wazi. Shukriya anakusalimu, bado sijamwambia. Sinan anakusalimu, na amesisitiza niandike hivyo. Mama nilimwambia naandika kwako, nikamwuliza kama ana salamu. Nilidhani hakusikia, nikamwuliza tena. Akaniambia nikaangalie moto.

Mimi nduguyo, baba mmoja mama mmoja,

Rahila