Mkono wa Kinyozi

Jumatatu, 3 Machi
Miezi miwili tangu kiharusi. Naandika kwa kushoto, mwandiko kama kuku kapita. Mtaalamu wa mazoezi kasema kila siku jambo moja dogo, nisiruke. Leo mkono wa kulia umefunga kifungo kimoja cha shati. Kimoja — dakika kumi na moja. Mke wangu alitaka kunisaidia, nikamfokea.

Jumanne, 4 Machi
Vifungo viwili.

Jumatano, 5 Machi
Bosi wa saluni kaja na machungwa. Hakukaa. Kiti changu atanishikia mpaka Jumatatu, basi, anaweka kinyozi mwingine. Anasema si yeye, ni wateja, wanaogopa wembe wangu. Miaka kumi na tisa nimesimama nyuma ya kile kiti. Haba na haba hujaza kibaba — sawa, ila changu kinavuja.

Alhamisi, 6 Machi
Nimepaka puto povu la sabuni, nikalinyoa kwa wembe. Ndivyo tulivyojifunza kazi. Maputo manne yamepasuka. Mke wangu kasema majirani watadhani tuna harusi. Nikacheka kidogo. La tano sikulijaribu.

Ijumaa, 7 Machi
Matatu yamepasuka, moja limepona. Mkono unatulia dakika nane, kisha unaanza kutetemeka. Ndevu za mtu zinataka robo saa.

Jumapili, 9 Machi
Dakika kumi. Siku zingekuwa zinauzwa, ningeuza hata kitanda. Mke wangu kalala kanigeukia, macho wazi.

Jumatatu, 10 Machi
Nipo chumba cha nyuma, saluni. Tangu asubuhi hakuna mteja aliyekubali kukaa kwangu. Saa tisa kaingia shemeji, kaka wa mke wangu. Kavua saa, kakaa. "Ninyoe, shemeji. Ndevu zinaniwasha." Bosi kasimama kando, mikono kifuani.

Shavu la kulia safi, la kushoto safi. Nikafika kooni — mkono ukagoma, vidole vikajikunja. Nikasema nafuata taulo.

Dakika tisa. Jana kumi! Nimerudi nyuma siku ambayo sikutakiwa kurudi.

Namsikia bosi: "Acha nikumalizie mimi."

Shemeji: "Nina kinyozi wangu. Namngoja."

Povu linamkaukia shingoni. Nanyoosha vidole kimoja kimoja juu ya meza. Kidole gumba kimelegea. Cha shahada nacho. Cha kati bado.