Vigelegele Vitano vya Free Area

Free Area, Nakuru
11 Februari 2024

Kwako binti yangu Njoki,

Natumai wewe na Kabiru mko salama huko Karagita, na kile kikohozi cha dawa za shamba la maua unakofanya kazi kimepungua. Mimi niko, ila magoti yanalia na baridi. Nakuandikia barua kwa sababu kwa simu tunakatizana, na karatasi haikatizwi.

Mwanangu, huku kumeharibika. Lile shamba la viazi nyuma yetu, Ngigi amelijenga ghorofa saba. Saba! Na matajiri wengine wawili wanajenga zao hapo barabarani. Bomba la maji taka ni lile lile tulilowekewa ukiwa darasa la kwanza, mtaa ukiwa mabati na mbuzi. Likishiba linatapika, na linatapikia kwa Mama Naliaka kwa vile ploti yake ndiyo iko chini. Jumapili alienda kanisani na gambuti, vile viatu virefu vya mpira. Maji ya mfereji nayo yanakuja Jumanne tu.

Tumekataa. Wanamtaa wanakutana kwangu, na mwenyekiti ni mimi. Tumeandika bango: WATU WAMETOSHA. Ghorofa ya Ngigi haitaingia mtu nikiwa hai.

Mayai yako katikati ya viazi, fungua gunia polepole.

Ni mimi, mama yako.


Karagita, Naivasha
19 Februari 2024

Mathe wangu mpendwa,

Sasa? Gunia lilifika, asante, ingawa mayai mengine yalifika kama uji. Kikohozi kimeisha. Kabiru anakusalimia sana.

Mama, keti kwanza. Nina mimba, mtoto ni wa Septemba. Kabiru naye amepata kazi kwa gereji hapo Nakuru, na tumeshalipia chumba. Kiko kwa ghorofa ya Ngigi, orofa ya nne. Nilitaka siku moja nikuite tu kutoka dirishani ushtuke.

Hatuwezi kukaa kwako, unajua vizuri Kabiru hawezi kulala kwa mama mkwe. Hapa nako ploti nzima tuna choo kimoja, asubuhi tunapiga foleni kama ya kura. Sitaki kupiga hiyo foleni na mtoto mchanga mgongoni.

Sasa unaniambia watu wametosha. Watu gani, mama? Ni mimi! Guka, babu yetu, alikuja hapo kutoka Nyandarua na blanketi moja. Nani alimwambia watu wametosha? Mkishinda, sina pa kwenda. Mkishindwa, nitakuwa nikimwagia Mama Naliaka uchafu wangu. Niambie nishangilie nani.

Ni mimi, binti yako.


Free Area, Nakuru
21 Aprili 2024

Njoki wangu,

Hujambo? Na tumbo linaendeleaje? Najua nimenyamaza sana. Mwanzoni nilikasirika, nikasema kumbe nimelea wakili. Halafu nikaisoma barua yako mbele ya mkutano. Mama Naliaka akainuka: "Mama Njoki, mimi sichukii watu. Nachukia mavi." Tukacheka mpaka tukalia, tukapaka bango rangi, tukaandika upya: BOMBA KWANZA.

Sasa sikia. Ngigi alikuwa na ujanja wake. Mkaguzi wa mabomba alikuwa akimleta siku za kazi, asubuhi, watu wakiwa wameenda vibarua na mifereji imekauka. Mzee wa watu anafunua shimo, anaona limetulia, anasema linatosha. Tukapata habari anakuja Alhamisi kumpa Ngigi kibali cha mwisho.

Basi Jumanne maji yalipokuja, tulikinga. Mitungi, masufuria, mabeseni, hata pipa la mchungaji. Wanaoenda kazini waliacha funguo kwa majirani. Ishara ilikuwa vigelegele vitano, vile sisi Wakikuyu tunapiga mtoto wa kiume akizaliwa. Nani atashuku vigelegele?

Alhamisi nikasimama pale langoni, nimefunga leso safi, nawasalimia wageni kwa adabu zote. Mkaguzi alipoinama tu, nikainua kichwa nikapiga, vyote vitano.

"Hongera mama," akasema. "Mtoto wa nani huyo?"

"Wa Ngigi," nikamwambia. "Ngoja umwone."

Wee! Mtaa mzima ukamwaga maji vyooni kwa mpigo. Tukasikia chini kunanguruma, kifuniko kikainuka, na Ngigi na viatu vyake vya kung'aa akapanda juu ya rundo la kokoto akiita mama yake. Mkaguzi naye alilowa mpaka soksi, lakini alikuwa mtu mwema, aliandika akiwa amesimama humo humo: hakuna mpangaji kuingia mpaka Ngigi na wenzake walaze bomba jipya, kubwa, mpaka barabara kuu. Wameanza kuchimba jana.

Kwa hivyo shangilia sisi sote. Chumba chako kipo.

Ni mimi, mama yako mwenyekiti.


Karagita
28 Aprili 2024

Mama,

Hatujambo, na tumbo limezidi kukua. Nilisoma barua yako kazini, nikacheka mpaka supavaiza akaja kuuliza ni nini. Nikamsomea, akakalia ndoo akicheka. Mwambie Mama Naliaka nampenda. Agosti tunahamia huko.

Binti yako, na wa ndani.


Free Area, Nakuru
14 Septemba 2024

Njoki wangu, mama wa mtu,

Umeamkaje huko wadi? Na mtoto ananyonya? Askari wamenizuia langoni eti saa za wageni bado, kwa hivyo barua inaingia na Kabiru pamoja na uji. Kunywa wote, usimwachie.

Alipopiga simu alfajiri kusema umejifungua msichana, sikungoja amalize. Nilitoka nje na nguo ya kulalia nikapiga vigelegele. Msichana ni vitatu, najua. Lakini mdomo ulikuwa umeshazoea, nikapiga vitano.

Njoki! Mtaa mzima ukamwaga! Vyoo vilivutwa kuanzia kwa Mama Naliaka mpaka juu kabisa kwa ghorofa ya Ngigi, wapangaji wapya pia, kumbe walishafundishwa. Mama Naliaka akatoka mbio na gambuti na ufagio. Tukasimama juu ya kifuniko cha bomba jipya tumeshikana mikono, tunaomba Mungu. Maji yakaja yakinguruma, yakapita chini ya miguu yetu, yakaenda zake. Hata tone halikutoka. Akavua gambuti, akacheza peku kwenye ploti yake, huku analia.

Chumba chenu nimekifagia na pazia nimetundika. Mlete msichana wetu. Mwambie alipigiwa vitano na mtaa mzima ukaitika. Nafasi iko.

Ni mimi, shosho yake.