Robe ya matope niliyofua

Kadutu, siku ya samedi, kesho ni siku ya Mungu. Mvua imenyesha tangu asubui, njia yetu ya kushuka ku soko inateleza kama sabuni.

Nianze na salamu, ju najua dada Nabintu anasomaga hizi barua zangu mu telefone ya bwana yake, kule ku kisiwa ya Idjwi. Salamu kwako dada. Salamu kwa shemeji Papa Chance, mugongo imepoa? Salamu kwa mama yetu muzee, mumwambie chumvi yake itakuja na boti. Salamu kwa Chance, kwa Aline na mutoto yake mupya, kwa wale mapasa wawili wanaopiganaga kila siku. Hapa tuko wazima, mimi na Riziki. Lakini roho yangu haikae.

Riziki wangu sasa iko mwanamuke wa miaka makumi mbili na ine. Unajua vile polio ilimukamata miguu. Ku huu mulima kinga yake, ile baiskeli ya magurudumu tatu, haipite, njo maana anatembea na mikono, amevaa malapa, ndala za miguu, ku viganja. Tangu miezi mbili anacheza mu filme. Haiko filme ya kanisa. Ni vijana wanaifanya kwa kujificha, bila ruhusa ya mukubwa yeyote, na wataionyesha mu nyumba ya mutu, ku shuka nyeupe. Kiongozi wao anaitwa Trésor.

Riziki anacheza mwanamuke anayepanda njia mu matope, watu wakimutupia maganda ya ndizi. Nilipojua nilikasirika siku tatu. Nilimwambia, "Watu watakucheka." Akanijibu akiendelea kutwanga majani ya sombe, "Maman, wananiangaliaga kila siku bila kuniomba. Hii mara wataangalia ju mimi nimetaka."



Sasa nitubu kosa yangu. Juzi alileta ku nyumba robe, ile nguo anayovaaga mu filme, imepasuka, imejaa matope. Sikuuliza kitu. Niliifua, nikaishona, nikaipiga pasi. Mama gani ataacha binti yake atoke hivyo mbele ya watu?

Leo asubui, pale njiani wanapofanyia filme, Trésor akaifungua, inanuka sabuni. Akaishika kama mutu iko ku matanga. Riziki alicheka mpaka akashika tumbo. "Maman, umefua kazi yangu ya wiki muzima." Kumbe ni yeye mwenyewe alikuwa anaipasua kidogo kidogo, na kuichagulia matope. Akaiburuta mu mufereji, akaipasua tena pale pale niliposhona.

Haya ilinishika. Nikakaa pembeni, nikaangalia.

Akapanda. Maganda yakaanguka. Ilikuwa nguvu kuvumilia kuona, lakini namujua mutoto yangu: alikuwa ku kazi. Alafu Trésor akaenda, akamutoa malapa ku mikono. Akasema, "Tuone maumivu ya kweli." Pale mawe ni ya kukata. Na juu ya hiyo hawakupatana mbele.

Riziki akasema, "Acha." Watu wakafikiri ni muchezo. Akasema tena, "Acha, Trésor."

Mu filme hakuna mutu anaitwa Trésor. Wote walisikia. Kamera ikaendelea, viganja vyake wazi ku mawe.

Niliingia. Na kitenge yangu ya soko, na harufu yangu ya samaki sambaza, nilipita mbele ya kamera, nikapiga magoti, nikamuvalisha malapa yake. Viganja vilikuwa vinatoka damu.

Sasa Trésor anasema pale njo pazuri kupita pote, anataka pabakie mu filme, mimi na mutoto yangu. "Maman, mumenipa kitu ya kweli." Mimi sikumupa kitu. Alichukua.

Riziki amemwambia mbele yangu, bila kupandisha sauti: "Matope ni yangu, bakia nayo. Pale nilisema acha, futa. Ukifuta, lundi, kesho kutwa, nakuja kumaliza. Usipofuta, utafute miguu ingine."

Bado hajajibu.

Mimi ningemufungia Riziki mulango kabisa. Nasema ukweli, funguo niko nayo hapa mu kitenge tangu saa sita. Lakini nikimufungia, na mimi nitakuwa nimemusikia na kuendelea, kama ile kamera.

Ama nadanganya moyo wangu?

Dada, wewe ulimubeba ku mugongo siku za homa, uniambie vile unaona. Robe iko ku kamba, chini ya mabati, na matope yake yote. Sijaigusa. Unitumie neno mbio, mbele ya lundi, ju hizi mikono zangu sizitumainie.