Mchele Wetu Katika Mifuko ya Watu

Mpendwa yaya Fransine, dada yangu mkubwa,

Nakuandikia hapa, mbele ya macho ya kila mtu, kwa sababu sina mahali pengine pa kukuandikia. Simu yako haiiti tena. Shangazi, uliyevuka naye mpaka wa Burundi siku ile tulipotengana tukikimbia vita, alirudi kwetu Luberizi peke yake. Alisema ulipandishwa lori la watu waliopelekwa kambi nyingine, ndani zaidi ya Burundi. Jina la kambi alilisahau. Simlaumu, alikuwa mgonjwa.

Wiki hii mwalimu wetu wa uchumi alitufundisha mnyororo wa thamani. Alisema kitu kinapita mikononi mwa watu wengi, wa nchi nyingi, na kila mkono unaongeza kitu na kuchukua chake. Alitoa mfano wa kahawa inayotoka kwetu ikiwa punje na kurudi dukani ndani ya kopo, kwa bei tusiyoiweza. Kisha mimi, ninayeogopa hata kuitika jina langu kwa sauti, akaniambia niandae ekspoze: nisimame mbele ya wenzangu, niifuate njia ya mchele wetu kutoka shambani hadi kwenye sahani.

Nilifikiri itakuwa rahisi, maana njia hiyo tuliitembea wawili. Unakumbuka tulivyoanika mpunga kwenye turubai kando ya barabara ya Bukavu, malori yakitumwagia vumbi? Ulinipa kazi ya kufukuza mbuzi, nami nikazama kwenye daftari, hadi ukapiga kelele: "Weye profesa, mbuzi iko nakula diploma yako!" Tukishatoka kwenye mashine ya kukoboa tulikaa uani na mama, ungo magotini, tukitoa mawe na chenga. Mikono yako ilikuwa na haraka, yangu polepole, lakini ulinisubiri tumalize pamoja. Siku hizi namaliza nikiwa peke yangu. Kinachoniumiza ni kimya, si mgongo.

Unakumbuka pia wazo lako. Sokoni Uvira wateja walimpita mama wakiuliza, "Hii ya Luberizi? Si iko na mawe?" hata kabla ya kushika punje moja. Ukaenda kwa wenye maduka, ukanunua mifuko mitupu ya mchele wa ng'ambo, ile yenye picha ya tausi. Ukaijaza mchele wetu, ukashona mdomo. Bei ikapanda siku ileile. Mama mmoja mwenye mgahawa akatuambia, "Bale bantu ba Asia banajua kulima, si sisi." Ulingoja aondoke, ukacheka mpaka ukakaa chini. "Ona, mama, muchele yetu imepata paspoti!" Mama naye alicheka, akifuta machozi kwa kitenge.

Basi juzi nilisimama darasani. Nilieleza shamba, turubai, mashine, ungo. Nilipofika kwenye mfuko, nikauruka. Nikasema tu, "Halafu unauzwa."

Mwalimu akauliza, "Na mtu akiupika akaupenda, atamsifu nani?"

Nikarudi kukaa. Wenzangu walidhani ni aibu yangu ya kila siku. Lakini nilikuwa nimeona kwamba kazi yote tuliifanya sisi, kisha mwishoni tukafuta jina letu kwa mikono yetu. Sikulaumu wewe, yaya. Wazo lako ndilo lililonilipia shule hiyo ninakotoa maneno haya.

Nilipofika nyumbani nilimwambia mama kwamba mavuno haya tutumie mifuko myeupe, tuandike mchele ni wa wapi.

"Na basiponunua? Utakula maandiko?"

"Ni mchele uleule, mama. Ni safi vilevile."

"Muntu hanunue usafi, ananunua mufuko. Na masomo yako, nani atalipa?"

Hakukosea. Lakini nilikuwa na sababu nyingine, ambayo sikuthubutu kumwambia mtu. Wafanyabiashara wa Uvira wanavusha mchele hadi Burundi. Kule kuna masoko, na karibu na kambi pia watu wananunua na kula. Mfuko unaweza kufika mahali ambapo simu yangu haifiki. Nikachukua mfuko mmoja mweupe na kalamu ya wino mzito, nikaandika pembeni kwa herufi zangu ndogo: Mchele wa Fransine, Luberizi.

Mama hakusoma, unajua. Aliutazama. "Umeandika nini hapo?"

Nikamsomea. Akaweka mkono wake juu ya mfuko. Kisha akaugeuza upande ambao haukuwa na kitu.

"Anza upya," akasema. "Andika kubwa. Fransine ataona aje, na iko mbali?"

Jumamosi tunaupeleka sokoni, pamoja na mingine michache. Huenda watu wakaupita. Lakini ukiuona mahali popote, yaya, muulize anayeuza aliupata kwa nani, na huyo aliupata kwa nani, urudi nyuma hivyo hivyo, mkono kwa mkono. Wa mwisho atakuwa mama.

Kaa salama huko uliko, na usile chakula chenye mawe.

Mdogo wako