Diski ya Sare ya Chungwa

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Nyamizi kaja asubuhi. Shikamoo mama mdogo, marahaba. Arobaini ya mama yake ni Jumamosi, kule Kwihara. Bi Zabibu, Mungu amrehemu, alikuwa rafiki yangu, na hakupenda picha. Sauti yake haipo popote ila kwenye video ya hina ya Nyamizi, ya 2008. Niliipiga mimi.

Akaniuliza taratibu: hivi mama mdogo, vile virusi vya kompyuta vilikula video yote? Hata kipande?

Alipoachika alipanga chumba Ipuli miaka miwili, akiona haya kurudi kwa mama. Anasema miaka hiyo ndiyo inamuuma zaidi. Anataka tu amsikie. Nikamwambia nitajaribu. Nikamkaangia mayai, kwa aibu.

Virusi! Miaka kumi na saba namdanganya. Diski yake, ya ndani ya kompyuta ya zamani, iko kwenye sanduku la bati, chini ya mablanketi.

Acha niseme ukweli hapa, hapa hakuna wa kunicheka ila mimi. Nilikuwa mpiga video wa upande wa wanawake, hodari kuliko wote Tabora (nilijitangaza mwenyewe). Siku ile kitufe nilikibonyeza kinyume. Nikidhani nimewasha, nimezima. Nikizima, ndiyo inarekodi! Bi Zabibu kaimba wimbo mzima, kamera imelala. Nilipomimina kwenye kompyuta nikaona jamvi na nyayo. Dakika moja tu — nikafunga. Kanda yenyewe nikarekodia harusi nyingine juu yake.

Jumanne, 5 Agosti

Mwenye akili angeandika majina kwenye diski. Mimi niliandika sare! Kila sherehe na sare yake, nani atasahau? Zambarau. Kijani. Chungwa. Nyamizi alikuwa chungwa, nakumbuka vizuri. Diski mbili zimeandikwa chungwa. Mwaka ule nusu ya mji ilivaa chungwa.

Nikachukua laptop ya binti yangu Zuena. Diski ina safu mbili za sindano. Laptop ina tundu moja, jembamba. Nikaizungusha diski kila upande nikitafuta pa kuchomeka. Nikajaribu na waya wa simu. Nikasukuma kidogo. Nikasukuma sana.

Nikampigia Kasimiri, fundi wa kompyuta pale karibu na stesheni. Alicheka mpaka akakohoa. Inatakiwa adapta yenye umeme wake. Hapa mjini ameikosa, itatoka Dar kwa basi.

Alhamisi, 7 Agosti

Adapta imefika. Wazee wetu walibeba pembe za ndovu kutoka huku hadi pwani kwa miguu, miezi mitatu, wakiimba. Mimi nimesubiri siku mbili, nimempigia konda mara sita.

Kasimiri kaja nyumbani na vifaa vyake. Hapo nikakumbuka kiapo changu! Wanawake wote wale wa kwenye video niliwaahidi hakuna mwanamume atakayeona. Wako vichwa wazi, wanacheza. Nikamwekea fundi kiti, nikamgeuza uso ukutani.

— Mama, taa ya adapta inawaka?

Inawaka, nikamwambia.

— Haya, fungua. Unaona nini?

Diski ya kwanza: chungwa ya watu wa mtaa wa Cheyo, si ya Nyamizi. Nikafunga haraka.

Ya pili ikazunguka, ikanguruma, halafu laptop ikauliza: diski haisomeki, niifomati? Nimelelewa kwa adabu, ukiulizwa vizuri unaitikia vizuri. Nikapeleka mshale kwenye Ndiyo, huku namsomea Kasimiri kwa sauti. Akaruka! Kiti chini, laptop kaninyang'anya.

— Mama! Hiyo ni kufuta kila kitu!

Hakuona mwanamke hata mmoja. Aliona neno fomati tu, na mimi, nimeshika kichwa.

Akachomoa diski, akaichunguza. Sindano moja imepinda. Ameipinda nani? Kasema labda ilianguka. Nikasema labda. Waya wa simu nikaukalia. Akainyoosha kwa kibano changu cha nyusi, mikono yake imetulia, nami nasoma kila dua ninayoijua. Akachomeka upya, akarudi ukutani.

Likatokea jina: SARE CHUNGWA. Nikapiga kigelegele peke yangu.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimeiangalia yote, mara ya kwanza. Wimbo haupo. Kama nilivyojua.

Baada ya jamvi na nyayo, kamera inaning'inia begani kwangu, kisha naiweka chini, haijui inachoona. Miguu ya Nyamizi, hina bado mbichi. Kalala usingizi, anakoroma kidogo. Mikono ya Bi Zabibu inaipepea ile miguu kwa kipepeo cha ukili. Mimi nasikika kwa mbali nikigombea pilau — ndiyo, hata hapo!

Kisha sauti yake, chini kabisa, anaiambia miguu:

— Ukichoka, urudi, mwanangu. Usinionee haya. Chumba chako sitampa mtu.

Nimelia vibaya. Nyamizi alikuwa amelala. Hakusikia. Na kilichosikia kilikuwa sandukuni kwangu, wakati yeye yuko Ipuli. Bi Zabibu alinyamaza akimngoja mwanawe arudi, nami nilinyamaza kwa ajili ya kitufe!

Nimemwita. Kaja saa kumi. Nilikuwa nimepanga maneno: video haikuliwa, nilikosea, niliona aibu, nisamehe. Nilisema, "Bonyeza hapa, naweka chai," nikakimbilia jikoni.

Ndipo nilipo sasa, naandika juu ya mfuniko wa sufuria. Chai imechemka mpaka imekauka. Kule sebuleni kipande kimeisha. Sasa anakirudisha nyuma. Sauti inaanza tena: ukichoka, urudi. Mara ya nne hii.

Bado hajaniuliza habari za virusi.

Nimebandika maji mengine.