Jezi Yangu Imebaki Embu

Jumamosi, Nchiru

Na bado sijutii nilichomwambia.

Leo chuo cha Embu kimetushinda kwenye mashindano ya makasia, kule bwawani. Desturi yetu ni kwamba ukishindwa, unavua jezi na kumpa aliyekaa nafasi kama yako kwenye mashua iliyoshinda. Hiyo sina shida nayo. Kilichonikera ni yule msichana niliyempa yangu. Aliishika kwa vidole viwili, akacheka.

"Nyinyi watu wa viazi, si mrudi tu shamba? Maji mtayajulia wapi?"

"Kendi, achana naye," wenzangu wakaniambia.

Ukweli ni kwamba maji bado nayaogopa. Kocha naye anasema mwaka ujao anataka watu warefu kunishinda, na sijui kama nitabaki kwenye timu. Lakini mikono hii imechimba viazi kwetu Kibirichia tangu nikiwa mdogo, na leo haikuachilia kasia hata mara moja.

Nilivaa sweta yangu, kisha nikamgeukia.

"Hiyo jezi usiianike juani. Mwaka ujao nikiijia, nataka niipate na rangi yake."